Mizani Sita za Ukumbi wa Albano

Habari ya kazi yangu niliipata kwenye vitumbua.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Mtoni na mama yangu, Bi Mwajabu, msuka mikeka, na kazi pekee niliyopata kuifanya ilikuwa kubeba mifuko ya saruji. Asubuhi moja Bi Somoe wa njia panda alinifungia vitumbua vinne katika kipande cha gazeti la Kiingereza. Nilipomaliza cha mwisho nikaona picha: Mzungu amesimama katikati ya ukumbi mtupu, ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio. Hakushika nyundo wala timazi wala kamba. Nikajiuliza, huyu kafanya nini hata akapigwa picha?

Nikakimbia na kile kipande kwa Theonest. Huyu alikuwa jirani yetu, Mhaya, karani wa bohari moja ya mjini, aliyepanga chumba upande wa pili wa ua wetu. Kijana nadhifu, mpole, mwenye sauti nyembamba kama uzi wa kushonea kofia. Alifuta miwani, akasoma, akanieleza. Mtu yule kazi yake ni kusikiliza majengo. Ukumbi ukijengwa, kisha ukawa unavuruga maneno ya wasemaji, huitwa yeye. Husikiliza, hutaja kasoro, hutengeneza, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara kama mtu aliyejenga.

"Anatengenezaje?" nikauliza.

Theonest aligeuza gazeti huku na huku, akaliinua kwenye mwanga. "Hapo ndipo kilipokaa kitumbua chako," akasema.

Mafuta yalikuwa yamekula maelezo yote. Sikujali. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako watu hulipwa kwa kupumua, nami napumua vizuri kuliko wote.

Maana masikio ninayo. Hili silisemi kwa majivuno, au nalisema kwa majivuno lakini ni kweli. Mashairi nimejifunza peke yangu. Nilipowaendea mabingwa wa Kinondoni waliokuwa wakikutana kila Ijumaa kughani, waliniuliza nimesomeshwa na nani. Nikasema nimesomeshwa na miguu yangu, kwa sababu mizani nilijifunza kwa kutembea, mizani nne kila hatua, kutoka Mtoni mpaka Temeke na kurudi, mpaka silabi zangu zikawa sawasawa kama matofali ya kalibu moja. Wakacheka, wakaniambia nikatafute mwalimu mwenye kichwa. Nikaapa sitakanyaga tena pale. Tangu siku hiyo nikawa naghani peke yangu, popote pasipo na mtu: chini ya daraja la Mtoni, kando ya malundo ya makumbi ya nazi, ndani ya nyumba zisizoezekwa. Na mtu akighani peke yake atasikia mengi. Chini ya daraja sauti yangu ilinirudia imenona. Kando ya makumbi ilikufa mdomoni. Nikaanza kupima. Napiga kofi moja, kisha naghani kimoyomoyo kwa mwendo wangu wa siku zote, nikihesabu: kofi limeishi mizani ngapi kabla ya kuzimika? Daraja lilikuwa na mizani kumi. Chumba cha mama, kilichojaa mikeka mpaka darini, mizani mbili. Madrasa niliyosoma utotoni, sie wanafunzi sitini tumebanana kama dagaa, ilikuwa na mizani sita, na hapo kila herufi ya mwalimu ilifika kwa kila mtoto, hata kwa yule aliyetamani isimfikie.

Basi nikamwambia Theonest aniandikie barua. Alipiga taipu saba, kila moja ikisema kwamba Mwishehe bin Marijani wa Mtoni anaomba kazi ya kusikiliza majengo. Nikazipeleka mwenyewe, nimevaa kanzu ya Idi. Mahali pa kwanza waliniambia kama masikio yananisumbua niende hospitali. Pa pili walinikalisha kwenye benchi tangu asubuhi, wakafunga ofisi mchana, wakanisahau ndani. Pa tatu, penye biashara ya mbao, karani aliisoma barua yangu kwa sauti mbele ya wapasua mbao wote, akasema, "Hata mbuzi anasikia, na haombi mshahara." Nikamjibu kwa beti mbili pale pale, zenye vina kamili, juu ya ukoo wake na mbuzi. Wapasua mbao walipiga makofi. Mie nilitolewa nje kwa ukosi wa kanzu.

Pa nne hadi pa saba sitayasema.

Nikarudi kwenye saruji. Wakati huo Bwana Albano, Mgoa mwenye duka kubwa la vyombo, alikuwa anamaliza ukumbi wake kando ya barabara ya Kilwa, upande wa Temeke. Ulikuwa ukumbi wa kweli: kuta za saruji zilizopigwa lipu laini kama yai, sakafu inayong'aa, paa la mabati juu sana, jukwaa lenye ngazi nne. Alitaka ndani yake sinema, muziki, mikutano, harusi za watu wa kila dini. Kadi za ufunguzi alikwishazichapisha: Jumapili, saa tisa alasiri, wote mnakaribishwa.

Siku nane kabla ya ufunguzi alipanda jukwaani kujaribu kusema. Nilikuwa mlangoni na mfuko begani. Akasema "Mabibi na mabwana," na ukumbi ukamjibu kwa kundi zima la kunguru. Neno la pili liliparamia la kwanza, la tatu likaangukia yote mawili. Akanyamaza, na bado ukumbi uliendelea kuongea peke yake.

Siku ya pili akaja mhandisi Mwingereza wa Nairobi, aliyekuwa mjini kwa kazi nyingine, Bwana Harton, mrefu, mwenye madoadoa usoni na Kiswahili cha kupinda lakini cha kutosha. Alitoa mfukoni saa ya kupimia mbio, na katika mfuko wa pili akatoa bastola ya kuanzishia mbio. Hakumwambia mtu. Akaielekeza darini, akafyatua.

Nje, mwuza kahawa alimwaga birika zima miguuni mwa wateja wake. Wapiga lipu wawili walishuka kwenye kiunzi bila kutumia ngazi. Bwana Albano alikuwa chini ya meza. Bwana Harton peke yake alisimama ametulia, anaitazama saa yake, kichwa kimeinama, na mie nikaacha mfuko ukaanguka, kwa sababu ndiye alikuwa yule mtu wa kwenye kitumbua. Si yeye hasa, lakini kazi ndiyo.

Akamwambia Bwana Albano kwamba mwangwi unakaa karibu sekunde tatu, na kwamba dawa yake ni mbao maalumu za kubandika ukutani, zitoke Uingereza, miezi sita. Bwana Albano akamwonyesha kadi. Akamwuliza kama Uingereza hakuna meli ya haraka.

"Mizani kumi na nne," nikasema.

Wote wakageuka. Nilikuwa mweupe wa saruji kutoka nywele hadi kidole. Msimamizi wetu alinyosha mkono kunifukuza, lakini Bwana Harton aliuliza mizani ni nini. Nikamwambia apige bastola yake tena, nami nitaghani, na mwangwi ukikoma nitakoma. Akapiga. Nikaghani:

"Ukumbi nakuuliza, nijibu sasa ha..."

Nikakata hapo hapo, na ukumbi ulikuwa kimya. Akatazama saa. Akapiga mara ya pili, nikakata kwenye silabi ile ile. Mara ya tatu akanitaka nifumbe macho, nikayafumba, nikakata kwenye "ha" ile ile. Akaandika kwenye daftari, akacheka mpaka madoadoa yakawa mekundu, akamwambia Bwana Albano kwamba kijana huyu ana saa kinywani.

Bwana Albano hakucheka. Mtu mwenye kadi mia tano mkononi hacheki ovyo. "Unaweza kuupunguza?" akaniuliza.

"Mpaka sita," nikasema. "Sita ndiyo inayofaa maneno. Chini ya hapo sauti inakufa, juu ya hapo inagombana."

"Kwa vitu gani?"

Nilifikiria chumba cha mama. "Mikeka."

Tukaafikiana mbele ya Bwana Harton. Ikiwa Jumapili mtu wa safu ya mwisho atasikia kila neno la jukwaani, mie nitaandikwa kazi, fundi wa sauti wa ukumbi ule, na Bwana Harton, aliyekuwa na kumbi nyingine tatu za kutengeneza Tanga na Dodoma, atanichukua nikampimie. Wasiposikia, mikeka itoke, mbao za Uingereza ziagizwe, nami nirudi kwenye mfuko wangu. Nikasema sitarudi. Nikamwita msimamizi nikaacha kazi pale pale, kwa ubeti wa mizani nane na nane. Kwa hiyo sikuwa na kazi ya kurudia. Hivyo ndivyo nilivyo.

Ukuta wa ukumbi ule ulihitaji mikeka mia moja na ishirini. Mama alikuwa nayo kumi na mmoja.

Nilizunguka Mtoni yote siku tatu. Mama alitangulia kwa sababu wanawake walimwamini yeye, mie nikafuata na mkokoteni. Hakuna nyumba isiyokuwa na mkeka wa shughuli, ule mzuri wenye rangi unaokaa umekunjwa nyuma ya mlango ukingoja harusi au hitima, na hakuna mwanamke asiyejua wake hata katikati ya mia, kwa rangi, kwa mshono, kwa mahali panya alipoonja. Wengi walitoa upesi. Waliniuliza tu shughuli ni ya nani, nikawaambia ni yangu, wakadhani naoa.

Bi Mwanaheri ndiye aliyekuwa mgumu. Mkeka wake ulikuwa mkubwa kuliko yote ya Mtoni, mwekundu na mweusi, na pembeni alisuka maneno: USINIKALIE KWA KINYONGO. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikarudia shikamoo kwa tahadhari.

"Marahaba. Wataka kuuning'iniza ukutani," akasema.

"Ndiyo, Bi Mwanaheri."

"Mkeka wangu umekaliwa na masharifu. Haujapata kusimama tangu uzaliwe."

Nikamwambia kwamba ukutani ndiko kwenye heshima, kwamba ndiko Wazungu wanakotundika picha za wafalme wao. Akanitolea, kwa sharti kwamba usipigwe msumari hata mmoja na kwamba yeye mwenyewe atakuja Jumapili kuuona. Nikaapa. Nikaifunga mikeka yote kwa kamba za usumba, nikaitundika kutoka kwenye vyuma vya paa, safu juu ya safu, ncha za kamba nikazifunga ukutani mahali mkono unapofika, mpaka ukumbi wa Bwana Albano ukafanana na tumbo la kikapu kikubwa.

Kila nilipomaliza upande mmoja nilipiga kofi. Mizani kumi na moja. Mizani tisa. Jumamosi mchana, mkeka wa mwisho ulipopanda, nikasimama katikati, peke yangu, milango imefungwa. Nikapiga kofi na kuhesabu: sita. Sita kamili, kama zimekatwa kwa mkasi. Nikapanda jukwaani nikaghani ubeti mzima, na ukumbi ulinipokea kama mgeni aliyengojwa:

Ukumbi nakuuliza, nijibu sasa hadhara,
Maneno wayapoteza, wayafanya masihara,
Neno moja nikipaza, warudisha mara mara,
Utakoma kunibeza, mie siyo wa hasara.

Kila kina kilikwenda mpaka ukuta wa mwisho, kikasimama, kikazimika kwa adabu. Niliruka. Nilicheza dansi na nguzo. Niliiambia nguzo kwamba mabingwa wa Kinondoni ni mabua. Bwana Harton alipokuja na saa yake akapata sekunde moja na robo hivi, akanipa mkono. Aliniuliza kitu kuhusu watu, watu wangapi watakuja, nami nikamjibu kwa furaha kwamba wote watakuja, Mtoni nzima, Mbagala, Temeke, mpaka watu wa Chanika kwa baiskeli. Akakuna kidevu. Nikadhani anakuna wivu.

Jumapili wakaja, wote na zaidi. Saa nane na nusu mlango ulikuwa haupitiki. Wanaume walijaza mabenchi ya mbele na ya kulia. Upande wa kushoto, wa wanawake, ulikuwa sakafu tupu, kwa sababu seremala wa viti alikuwa bado anapaka vanishi na alituma salamu. Wanawake walisimama wamebanana, kanga juu ya kanga, mabuibui, watoto migongoni, maji ya waridi mpaka darini. Bwana Albano alikuwa amevaa suti nyeupe, anatoa jasho. Bwana Harton alisimama karibu na mlango wa nyuma, saa mkononi. Theonest ndiye aliyechaguliwa kusoma makaribisho. Mie ndiye niliyemchagua. Nilisema, akisikika Theonest mwenye sauti ya uzi, atasikika hata sisimizi.

Akapanda. Akafungua karatasi. Midomo yake ikaanza kwenda.

Nilikuwa nimesimama ukuta wa mwisho, na sikusikia kitu.

Nikadhani amenyamaza. Nikatazama midomo, ilikuwa inakwenda. Safu ya kwanza watu walikuwa wakitikisa vichwa kwa heshima, safu ya tatu waliinama mbele, safu ya sita walikuwa wakizungumza bei ya mihogo. Nikapiga kofi dogo karibu na sikio langu. Mizani mbili. Kofi lilianguka kama limeangukia pamba. Chumba cha mama, ndicho nilichokuwa nimekijenga, chumba cha mama cha watu mia sita.

Hapo ndipo nilipoielewa madrasa. Tulikuwa sitini tumebanana. Zile sita hazikuwa za kuta, zilikuwa za kuta na sisi. Nilipima ukumbi kama ninavyoghani, mtupu, peke yangu, nikasahau kwamba watu nao ni mikeka: kila kanga, kila kanzu, kila mtoto mgongoni anameza kipande cha sauti. Bwana Harton aliniuliza, nami nikamwona ana wivu.

Nyuma mtu akasema kwa sauti, "Huyo anasoma au anatafuna?" Kicheko kikapita, na hicho pia kikafa upesi. Bwana Albano alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vyote vile. Alinipata.

Wakati huo huo nikaona jambo ambalo lilinichemsha damu. Upande wa kushoto Bi Mwanaheri alikuwa amepanda juu ya sanduku la soda na anafungua kamba ya mkeka wake.

Nikasukuma watu, nikamfikia. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya kunong'ona, auache, kazi yangu iko juu ya ukuta ule.

"Wee mtoto wa Mwajabu," akasema, wala hakugeuka, "mie nisimame kwenye saruji saa nzima, na mkeka wangu unanitazama? Mkeka ukiazimwa kwenye shughuli, ni wa kukaliwa."

Kamba ikaachia. Mkeka ukashuka, akauzungusha mara moja kwa madaha, akautandika, akavua viatu, akaketi, akavuta mashoga watano wakaketi naye. Basi ikawa ruhusa. Mwanamke mwingine akaona wake. Mwingine naye akaona wake. Wakaanza kuifungua, mmoja baada ya mwingine, wakisaidiana, na kila aliyeketi alipisha nafasi. Nilisimama nimekamata kipembe cha mkeka wa mtu, navuta huku, yeye anavuta kule, nami nimefungua kinywa kumtukana kwa ubeti ambao, wallahi, ungekuwa mzuri.

Ndipo nikasikia, "...na kwa niaba ya mwenye ukumbi huu, nawaomba..."

Alikuwa Theonest. Nikaachia kipembe. Ukashuka ule, na mwingine, na sauti ya Theonest ikaja imevaa shati. Ukashuka wa tatu, ikaja imevaa koti. Watu wa mihogo walinyamaza. Nikapiga kofi: tatu. Mikeka kumi ikashuka. Nne.

Sijui nilipandaje juu ya lile sanduku la soda, lakini nilikuwa juu yake, mikono hewani kama mwongoza bendi. Nikamwambia Theonest aendelee kusoma, na akimaliza aanze tena. Nikaanza kuelekeza. Ule wa kona ya nyuma, dada, teremsha, ndiyo, huo wa manjano. Wa juu ya dirisha uacheni. Mama, fungua yetu miwili. Mama alikuwa akicheka mpaka anashindwa kufungua fundo. Wanaume walisimama kusaidia, wakaambiwa na Bi Mwanaheri wasiguse mikeka ya watu kwa mikono inayonuka samaki. Ukuta wa nyuma ulibaki nusu. Ukuta wa kulia nikauacha mzima, maana pale wanaume walivaa mashati mepesi. Nikapiga kofi: tano. Mikeka mingine saba. Kofi.

Sita.

"Basi," nikasema. "Asiguse mtu." Na nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu mia sita waliganda, kwa sababu wote walisikia.

Theonest alikuwa amefika mara ya tatu kwenye "Mabibi na mabwana." Sauti yake nyembamba ilipita juu ya vichwa, ikafika mlango wa nyuma, na kule nyuma kabisa mzee mmoja wa Chanika, baiskeli yake bado mkononi, akajibu, "Tumekusikia tangu hapo, mwanangu, endelea mbele." Ukumbi mzima ukacheka, na kile kicheko kilikaa hewani kwa kiasi chake, kikaondoka kwa hiari yake, kama ngoma iliyopigwa na mtu anayejua kuacha.

Baada ya hotuba, bendi ikapiga, wanawake wakaitikia kwa vigelegele, nami nikavisikiliza vigelegele vile mpaka mwisho wa kila kimoja. Bwana Albano alinijia, suti imelowa. Bwana Harton alikuwa nyuma yake. Nilijua swali litakalokuja, na nilikuwa na dakika nzima ya kuandaa uongo mtamu. Kila mtu ukumbini aliamini kwamba nilipanga hivyo: kwamba mikeka ilitundikwa ili wenyewe waje waichague. Ningesema ndiyo, nani angebisha?

"Ulikusudia?" akaniuliza Bwana Albano.

Nikatazama ukuta. Kiburi changu kilinisukuma upande mmoja, na masikio yangu upande mwingine, nikaona kwamba mwenye masikio hana budi kuyaamini.

"Hapana," nikasema. "Niliupima ukumbi mtupu, nikasahau watu. Bi Mwanaheri ndiye aliyeutengeneza. Lakini wakati nyie mlikuwa mnaona wanawake wanagombea mikeka, mie nilisikia ukumbi unafunguka. Na ni mie niliyejua mahali pa kuacha."

Bwana Albano akamgeukia Bwana Harton. Mwingereza alimwonyesha saa yake. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kupinda, kwamba anao wahandisi wawili Nairobi wanaojua kuanza, na hana hata mmoja anayejua kuacha.

Barua yangu ya kazi ilitoka Jumatatu. Theonest aliipiga taipu kwa mkono wake, kwa furaha akakosea jina langu mara mbili. Fundi wa sauti, ikasema. Nimeipeleka mpaka kwenye ile biashara ya mbao, nikamsomea yule karani polepole, na wapasua mbao wakapiga makofi tena. Kinondoni sijaenda, nangoja wanialike. Mikeka yote imerudi kwa wenyewe, wataileta kila shughuli niipange upya, isipokuwa ule wa Bi Mwanaheri. Alimwambia Bwana Albano kwamba ukae pale pale ulipotandikwa, na kwamba yeye atakuja kuukalia kila shughuli, maana ni yeye na mkeka wake waliopimwa pamoja.

Wiki iliyofuata Bwana Harton aliniandikia kutoka Tanga. Kuna ukumbi wa kupima kule, unalia kama debe, nipeleke orodha ya vifaa ninavyohitaji ili avitayarishe kabla sijafika. Nikakaa barazani na Theonest na taipu yake, tukafikiri sana. Kisha tukamtumia orodha yenye mstari mmoja: watu mia sita, waliovaa, na wanawake waje na mikeka yao.